Shimo la Saba na Ndimu za Ami Suleiman

Wajukuu zangu, mkiulizwa bibi yenu alikuwa akifanya kazi gani, mnajibu haraka haraka, "Alikuwa Wizarani," kisha mnageuza maneno. Nakufahamuni. Wenzenu wana bibi aliyekuwa daktari, wengine bibi yao alikuwa mwalimu mkuu, na nyinyi Mungu amekupeni bibi aliyekuwa akiingia mashimoni. Nimenyamaza miaka yote hii kwa kukustahini. Lakini juzi mmoja wenu amenunua kiwanja kwa kukitazama kwenye simu, akaja kunionesha picha akiwa na furaha kama amekichimba. Sasa nitasema.

Kazi yangu ilikuwa kuusoma udongo. Linachimbwa shimo la kumeza mtu mzima, unashuka, unausafisha ukuta mmoja kwa kisu, ule unaopigwa na jua, unatundika futi kutoka juu mpaka chini, kisha unaandika ulichokiona. Tabaka la kwanza linaishia wapi. Rangi gani. Limeshikana vipi. Mizizi imefika wapi na kwa nini imesimama hapo. Unadondosha tindikali kidogo, ukiona povu unajua chokaa ipo. Nilikwenda kuyasomea hayo Misri miaka mitatu, na mama yangu, Mungu amrehemu, mpaka anakufa akiwaambia watu kwamba nimesomea dawa.

Nilipofika Nizwa, Oman, miaka ya sabini ikielekea mwisho, mudiri, yaani mkuu wa ofisi yetu ya kilimo, alikuwa Mzanzibari kama sisi, mtu mtanashati, kanzu yake nyeupe hata nzi alikuwa akiona haya kuitua. Akazitazama karatasi zangu, akanitazama na mimi.

"Nasra, mtoto wa kike na udongo wapi na wapi? Wataka kufinyanga vyungu?"

Akaniweka maabara kuosha chupa. Niliziosha vizuri sana. Mwaka mzima hapakuwa na chupa safi kuliko zetu katika mkoa wote, na hapakuwa na kitu ndani yake. Kisha yule bwana aliyekuwa akipima mashamba akatumbukia katika shimo alilolichimbisha mwenyewe, akavunjika mguu. Nikapandishwa cheo na shimo.

Siku ya kwanza wanaume wa gari walisimama ukingoni kungojea niaibike kushuka. Hawakujua kwamba mchimbaji wetu, Mzee Mbaraka, alikuwa ameshachonga vidaraja vitatu katika ukuta wa nyuma. Nikashuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake, na wale mabwana wakarudi garini na huzuni yao.

Mzee Mbaraka alizaliwa Burundi, kwa wazee waliotoka Ibra. Amechimba visima Bujumbura ujana wake wote, akarudi Oman bila ya kusahau hata kisima kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na mimi, mtoto wa mjini Unguja, kila alipofungua mdomo nilikuwa nikimsahihisha kimoyomoyo. Ilinichukua muda kugundua kwamba katika sisi wawili, aliyekuwa akikosea ni mimi.

"Mama," alikuwa akiniita mama, na umri wake ni wa baba yangu, "wewe unaandika sana. Hii udongo, kwanza sikiliza."

Akaupiga mtaimbo. Kwenye kokoto unalia. Kwenye udongo mkavu unagonga kama mlango. Ukifika palipo na unyevu sauti inazama, kama mtu aliyeziba mdomo kwa mto. Misri hawakunifundisha hilo. Walinifundisha jina lake kwa Kilatini.

Akanifundisha na vidole, ingawa vidole nilikuwa nikijidai navijua. Chukua udongo kidogo, utie maji, usugue baina ya kidole gumba na cha shahada. Ukikukwaruza, mchanga. Ukiuviringisha ukatoka mrefu kama tambi bila ya kukatika, mfinyanzi. Ukiteleza laini kama poda ya mtoto mchanga, na ukiuviringisha unapasukapasuka, basi huo ndio ule udongo wa unga unaoletwa na wadi, yale mabonde ya maji ya mvua, na mifereji ya falaj, na hapo kaa macho. Mchanga ni mjinga, maji yanapita anayaangalia. Mfinyanzi ni mkaidi, unamjua tangu mbali. Huu wa unga una sura nzuri. Umelala sawasawa, hauna jiwe, jembe linaingia kama kisu katika halwa, kila mkulima akiuona anataka kuuposa. Akikosa pa kupeleka maji yake, anayakalia chini kwa chini wala hakwambii.

Zana zetu zilikuwa chache, na ya thamani kuliko zote ni kitabu cha rangi. Kina vibandiko vidogo vidogo vya rangi zote za udongo, unashikiza bonge lako pembeni ukatafuta pacha wake. Kilikuwa kimoja tu. Siku moja nakitafuta sikioni, nakwenda kwa mudiri, kumbe amekichukua nyumbani kumuonesha fundi, anapaka rangi majlisi yake ya wageni. Alikirejesha baada ya wiki tatu, kimepungua ukurasa wa kijivu. Fundi alikwenda nao dukani. Basi mpaka ulipopatikana mwengine, ofisi yetu haikuwa na rangi ya kijivu, na kwa mujibu wa ripoti zetu mkoa mzima haukuwa na udongo wa kijivu. Ninakutajieni hili mcheke. Msilifanye udhuru wangu, maana kosa ninalotaka kukuhadithieni halikuwa la fundi.

Kulikuwa na uwanda baina ya Birkat al Mauz na Firq, chini ya mabustani ya migomba na mitende, umenyooka kama mkeka. Ofisi iliamua kuugawa mashamba kwa watu waliorudi kutoka Afrika. Mimi nikapewa kuuchimba mashimo saba na kuandika panafaa nini. Mashimo sita nilichimbisha, nikashuka, nikaandika kwa adabu zote. La sita, chini kabisa, nilimuona Mzee Mbaraka ameuinamishia mtaimbo sikio.

"Mama, hapa sauti si nzuri. Ile shimo ya saba tuichimbe pale kwenye kona, pale chini. Maji ikiwa iko, iko pale."

Nikamwambia kesho. Kesho gari ikaharibika, tukashinda gereji Firq tangu asubuhi, fundi anaitoa mashine vyuma na kuvipanga chini kama anauza. Tulipotoka jua lilikuwa la utosi, na mudiri anataka ripoti Jumamosi. Nikaipitishia macho ile kona kutoka dirishani. Ardhi imepasukapasuka juu, kavu, sawa na kwengine. Nikafungua fomu juu ya paja langu, nikaandika shimo la saba. Nililinakili shimo la pili, nikabadilisha sentimita tano hapa, tatu pale, lisifanane mno. Maji yanapita vizuri. Hakuna dalili ya kutuama. Nikatia sahihi, na sahihi yangu wakati ule ilikuwa nzuri sana.

Mzee Mbaraka alikuwa amekaa nyuma na sururu yake magotini. Alikuwa hajui kusoma, lakini alijua kuhesabu mpaka saba.

Kona ile ikamwangukia Ami Suleiman. Namwita ami, si wa damu, ni mzee wa Pemba aliyejuana na baba. Huko alikuwa na mikarafuu yake, akaiacha kama wengi walivyoacha, akaja Oman na mkewe na binti mmoja, akakaa miaka katika chumba cha kupanga Nizwa akingojea pa kutia jembe. Siku aliyokabidhiwa shamba alinikuta kwenye uwanda. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Nasra, mwanangu, wewe ndiye uliyeingia ndani ya ardhi hii. Mimi nataka ndimu. Nipande?"

Wanangu, hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Ami, kona yako sikuichimba, nipe siku mbili." Maneno hayo hayafiki hata kumi.

"Panda, Ami," nikasema.

Akapanda. Mwaka wa kwanza ndimu zilikua mpaka watu wakija kuzitazama, na mimi nikawa nikipita hapo bila ya haja, kujifurahisha. Nikaanza kuamini kwamba lile shimo nilichimba kweli. Kisha ikaja mvua ya baridi, nyingi, mabustani ya juu yakashiba na kumwaga. Mwaka wa pili majani yakawa manjano. Yakapukutika. Ncha za matawi zikakauka kama zimeunguzwa, na chini udongo wa juu ukaanza kutoa unga mweupe wa chumvi.

Ofisi ikafanya uchunguzi, yaani mudiri alipita na gari na vioo vimepandishwa. Akatoa hukumu kwamba mkulima anamwagia maji kupita kiasi. "Hawa Wapemba wanajua karafuu tu," akasema, mtu wa Unguja huyo. Ami Suleiman akapunguza maji, miti ikazidi kufa. Akaongeza, ikazidi kufa. Mwisho ikatoka barua kwamba lajna, yaani kamati ya ardhi, itakuja shambani, na mkulima akionekana ameshindwa kuitunza ardhi, atanyang'anywa apewe mwengine.

Barua ile ilipigwa taipu mezani pembeni yangu. Nikaisoma nusu nikaenda kumtafuta Mzee Mbaraka. Nilimkuta anatia mpini sururu.

"Mzee, nataka tukachimbe shimo la saba."

Hakunitazama. "Miaka miwili nangojea," akasema.

Tulichimba siku moja kabla ya lajna kuja, pale pale konani, baina ya safu mbili za ndimu zilizokufa. Ami Suleiman hakuwepo, alikuwa mjini kutafuta mtu wa kumsemea. Ninakuandikieni nilichokiona, kwa sababu ndicho nilichotakiwa kukiandika mwanzo.

Juu kabisa, kama shibiri moja: hudhurungi hafifu, kavu, limekaa vipande bapa vilivyolaliana kama mikate myembamba iliyopangwa kwenye sinia, na chumvi juu yake. Chini yake, mpaka sentimita sitini: ule unga wenyewe, laini, rangi moja, hauna jiwe, mzuri wa kuposwa. Mizizi ya ndimu humo ilikuwa imejaa tele. Kisha tabaka la tatu, limepauka, na ndani yake madoa ya kutu, kama sufuria la zamani, hasa kandokando ya vijitundu vya mizizi ya kale. Madoa yale ndiyo saini ya maji: yamekuja, yamekaa, yameondoka, yamerudi, miaka na miaka. Mizizi ikifika hapo ilikuwa imegeuka ikaenda ubavuni, kama mtu aliyefika mlangoni akasikia mbwa. Iliyojitia ushujaa ikashuka ilikuwa myeusi, ukiivuta ganda linabaki mkononi.

Na tabaka la nne, kijivu. Kijivu cha saruji mbichi, chenye ubuluu kwa mbali, kinanata, kinanuka yai viza. Ukurasa wa kitabu ulikuwa umeshapatikana wakati huo lakini sikuuhitaji. Nilisimama nikauona ukuta unatoka jasho. Huo udongo wa unga hauna haraka hata katika kumwaibisha mtu. Maji yaliingia pole pole, na baada ya nusu saa yalinifika kwenye vifundo vya miguu.

Mzee Mbaraka alikuwa ukingoni. Angenitukana ningepumua. Akaniteremshia mkono tu, akanitoa.

Kesho yake asubuhi lajna ikaja, wazee watatu wa mji na mudiri mbele yao. Ami Suleiman alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi na kilemba, amesimama kando ya shamba lake kama mtu anayepokea wageni wa mazishi. Mudiri akafungua ripoti, akaisoma kwa sauti ya khutba.

"Shimo la saba. Udongo laini. Maji yanapita vizuri. Hakuna dalili ya kutuama." Akaifunga. "Ardhi ni njema, mabwana. Basi kilichoharibika ni utunzaji."

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, ya kitaalamu, marefu. Yote yakaniruka.

"Mudiri, shimo la saba halikuchimbwa."

"Halikuchimbwa vipi, na sahihi yako hii hapa?"

"Sahihi ni yangu. Shimo ndilo halikuwepo. Niliandika garini. Nililinakili shimo la pili."

"Nasra, unajua unachokisema?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulikuwa mlango wa kutokea. Ningekuwa na akili ningesema jua limenipiga.

"Nnajua. La kweli lile pale, limechimbwa jana. Ukitaka kulisoma shuka, vidaraja vipo."

Mudiri akaitazama kanzu yake, akalitazama shimo, na wote tuliokuwepo tukaelewa kwamba leo hashuki. Ami Suleiman alikuwa hajaniondolea macho.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema taratibu, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui, Ami."

"Ulikuwa unajua kwamba hujui."

"Ndiyo."

"Ukasema panda."

"Nikasema panda."

Akavua viatu. Akaipandisha kanzu ya Idi akaifunga kiunoni, akashuka, mzee yule, na maji yakamfika magotini. Akakaa humo muda. Tulimsikia anabomoa kitu kwa mikono. Alipopanda alikuwa na bonge la kijivu linalochuruzika. Akalinusa, akamnusisha mkubwa wa lajna, kisha akalitua pole pole juu ya ripoti aliyoishika mudiri.

"Hii ndiyo ndimu yangu," akasema.

Mkubwa wa lajna, mzee wa Birkat al Mauz aliyezaliwa baina ya mifereji, alisema maneno machache kwa Kiarabu. Alisema mtu hanyang'anywi ardhi kwa uongo wa mwengine, shamba litabaki kwa Suleiman, na ofisi itamchimbia mtaro wa kutolea maji mpaka wadini. Na ulichimbwa, Mzee Mbaraka aliusimamia mwenyewe. Ndimu hazikurudi. Ami Suleiman akapanda mitende, maana mtende haujali miguu kulowa, na mtende haukupi kitu mpaka ukuzeeshe kwanza. Naye alikuwa ameshazeeka. Hapo ndipo hesabu yangu ilipo, na sijawahi kuona fomu ya kuijaza.

Mimi nikahamishwa Sur, maabara, kwenye chupa. Mudiri aliandika kwamba ni kwa maslahi ya kazi, na kusema kweli, kazi ilinufaika. Chupa za Sur nazo zilipendeza. Miaka mitatu baadaye akaja mudiri mwengine, akanirejesha mashimoni, na tangu siku hiyo sikuandika sentimita ambayo sikuigusa. Vijana walioletwa chini yangu wakiniita Bibi Shuka, wakidhani sisikii.

Ami Suleiman hakunisemesha miaka yote hiyo. Nikikutana naye sokoni Nizwa nilikuwa nikimpa shikamoo, anaijibu, maana ni dini yake, kisha anaendelea kuchagua vitunguu. Msidhani nitakwambieni tulikumbatiana.

Kisha binti yake akapata shamba upande wa Ibra. Siku hiyo alikuja Mzee Mbaraka ofisini, ameshastaafu, anatembea kwa mkongojo.

"Mzee Suleiman anakuita. Anataka shimo."

Nilikwenda na zana zote. Yule binti alinipokea na uso wa ndimu, na sikumlaumu. Aliuliza mbele yangu, bila ya kunong'ona, "Baba, wataalamu wote wa Oman umekosa, umwite huyu aliyekuulia miti?"

"Wengine bado hawajui kama wanaweza kusema uongo," akajibu Ami. "Huyu ameshajua."

Akawekewa kiti ukingoni. Vijana wa kijiji walichimba, nikashuka, na akanitaka nisome kwa sauti kila ninachokiona. Nikasoma. Tabaka la juu, mchanga na unga, hudhurungi. La pili, kokoto ndogo, mizizi ya mgunga imepita moja kwa moja. La tatu, chokaa nyeupe, ngumu. Madoa ya kutu hakuna. Harufu hakuna. Nikafika mita moja na nusu, nikafunga daftari.

"Na chini ya hapo?" akauliza.

"Pagumu, Ami. Na fomu inataka mita moja na nusu tu."

"Mimi sikukuuliza fomu inataka nini."

Nikamtazama pale juu, na jua nyuma ya kilemba chake. Nikalifungua daftari tena, nikanyoosha mkono, nikaomba sururu.